Puli Bubu na Mkebe wa Mama Pacha

Wahenga walisema kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Maana yake ni kwamba anyamazaye siku nyingi si lazima awe hana la kusema. Huenda analiweka akiba, na siku atakapolitoa watu watashika masikio. Wengi hudhani methali hii ilitungwa kwa ajili ya binadamu peke yao. Kumbe hata chuma kina kimya chake, kama alivyojionea dereva mmoja mwenye maneno mengi.

Dereva huyo aliitwa Redio. Alianza kusema kabla hajanawa uso, na usiku usingizi ulimkuta sentensi ikiwa katikati. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa fundi wa kushona maturubai ya malori, na maneno yake kwa siku yalikuwa ya kuhesabika kama vidole vya mkono. Majirani walisema nyumba ile iligawiwa kwa haki: mmoja alipewa mdomo, mwingine masikio.

Redio alikuwa na lori lake mwenyewe, lori la dizeli alilolipa jina la Shangazi, kwa sababu lilikuwa na sauti nene, halikupenda kuharakishwa, wala halikuwahi kumlaza na njaa. Kwa miaka ishirini Shangazi alimpeleka safari za majuma mawili, mara nyingine matatu. Pacha wake walizaliwa yeye yuko njiani, wakaota meno yuko njiani. Hata siku walipoolewa alifika ndugu wanamaliza kupiga picha, shati lina doa la oili kifuani kama nishani.

Mwaka huo kiwanda cha saruji kilitafuta malori ya kubeba mawe kutoka machimboni, kuvuka mlima hadi kiwandani. Ilikuwa kazi ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Msimamizi alimpa Redio mwezi mmoja wa majaribio, akamwambia bila kuzunguka, "Lori likikwama mlimani hata mara moja, nafasi nampa anayefuata."

Redio alirudi nyumbani akaisimulia habari hiyo kwa urefu na mapana, na alipomaliza akairudia. Mama Pacha aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo chakula cha jioni utakula hapa?"

"Hapa hapa, mama. Kila siku."

Akaurudia ushonaji wake kana kwamba hakusikia kitu. Lakini Redio aliona cherehani ikiipita alama ya chaki, ikaendelea kushona turubai pale pasipotakiwa mshono. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwona mkewe akikosea mshono.

Tatizo lilikuwa Shangazi mwenyewe. Tangu mvua zilizopita alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Akipanda kilima na kufikia mwendo fulani, kioo cha pembeni kilitikisika hata Redio akashindwa kutambua kilicho nyuma ni lori au ng'ombe. Bolti zililegea na kudondoka, mikanda ya feni ilikatika, na kishikizo cha alteneta ya kuchaji betri kilikuwa kimechomelewa mara tatu. Tabibu wake alikuwa shemeji yake Redio, mdogo wake Mama Pacha, fundi wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Nyundo. Dawa yake ilikuwa ni kukaza, kuchomelea na kufariji.

"Shemeji, gari zee ni kama mtu mzima," alikuwa akisema. "Magoti hulia. Utayakataza?"

Zilipobaki siku mbili kazi ianze, muuza spea mmoja alifika gereji amekumbatia boksi zito. Ndani mlikuwa na chuma cha mviringo, kipana kama sinia, kinene, kimezibwa pande zote.

"Nimesikia lori lako linatetemeka," alimwambia Redio. "Funga hii mbele ya injini. Mtetemo kwisha, mafuta utatumia nusu, na matairi yatakushukuru."

Nyundo aliangua kicheko. "Hiyo si puli bubu? Shemeji anayo moja tayari, na haijamsaidia lolote. Unataka kumuoza bubu wa pili?"

Redio naye akacheka, maana jina hilo walilitunga wao wawili. Mbele ya injini kulikuwa na puli za kuzungusha mikanda, kila moja na kazi yake. Lakini mwishoni mwa krenki, ule mhimili wa chuma unaopokea nguvu za injini nzima, kulikuwa na chuma hicho cha mviringo kisichokuwa na mkanda. Kilizunguka tu. Ndiyo wakakiita puli bubu, na kwa kuwa ni bubu, hakuna aliyekiuliza kitu. Nyundo alipotaka kuigeuza injini kwa mkono, alikitia mtaimbo na kukigonga. Bolti ikipinda, aliinyooshea juu yake. Walimwita bubu, kisha wakamfanya fuawe.

"Nenda na boksi lako, bwana," Redio alianza kusema, na bila shaka angeendelea mpaka adhuhuri. Lakini Mama Pacha, aliyekuwa mlangoni akipima turubai, aliinuka, akavuka barabara hadi nyumbani, akarudi na mkebe mkubwa wa maziwa ya unga. Aliupindua juu ya meza ya bati ya Nyundo.

Ulilia mshindo hata mchomeleaji wa gereji ya pili akainua miwani yake kuja kuchungulia nani ameangukiwa na gari. Bolti, nati, mikanda iliyokatika na vipande vya kishikizo vilisambaa mezani. Kila kimoja kilikuwa kimefungwa kitambaa kidogo cha turubai.

"Hivi ni vitu gani?" Redio aliuliza.

"Ni Shangazi," Mama Pacha alijibu. "Amekuwa akidondoka kidogo kidogo. Nikifagia chini yake, naokota. Kila kipande nakifunga kitambaa cha turubai ninaloshona siku hiyo, ili nikumbuke kilidondoka lini."

Akavipanga kwa mstari. "Cha kwanza ni hiki cha kijani, turubai la mwenye mbao. Kutoka hapo mpaka cha pili nilishona maturubai matano. Kisha matatu. Hivi viwili vya mwisho vyote ni vya rangi moja. Turubai lenyewe hata sijalimaliza."

Muuza spea alisogea karibu, maneno ya biashara yamemtoka kichwani. "Na kabla ya kijani, mama?"

"Kabla ya kijani sikuokota kitu. Kijani ni wiki ile mdogo wangu alipokuwa akiigeuza injini kwa nyundo. Nilimsikia kutoka ng'ambo ya barabara. Alikipiga kile chuma kama anayetwanga."

Nyundo alianza kukagua kucha zake. "Sasa dada, mbona hukusema?"

"Nilisema, mara moja. Redio ilikuwa inanguruma."

Redio aliokota kipande cha kijani, akakigeuzageuza.

Muuza spea akasema jambo hilo lina kipimo. Wapakie mchanga, wakipande kilima cha nyuma ya soko mara mbili, kisha warudi wazime injini na waguse. Wakafanya hivyo. Waliporudi, Redio alipeleka kiganja kwenye puli bubu.

"Ina joto kuliko chuma kilicho jirani yake?" muuza spea aliuliza.

"Hapana. Sawasawa tu."

"Basi imekufa. Ndani yake mna pete nzito ya chuma inayoelea katika ute mzito kuliko asali. Kila pigo la injini huipinda krenki kidogo, kisha inajirudi, kama unavyokamua nguo na kuiachia. Ile pete haikubali kukimbizwa, na ule ute huumeza mtetemo na kuugeuza joto. Anayefanya kazi hutoka jasho. Huyu wenu hana jasho."

Nyundo alimulika tochi. Ubavuni mwa puli bubu kulikuwa na mabonyeo matatu, na kila moja lilikuwa na sura ya kichwa cha nyundo yake. Ganda lilikuwa limebonyea likaibana pete isizunguke.

"Tukiliacha hivi?" Redio aliuliza kwa sauti ndogo.

"Krenki itakatika. Labda kesho, labda mwakani. Lakini mara nyingi hupenda kukatika mlimani, lori likiwa na mzigo."

Redio aliutazama mlima, kisha akamtazama mkewe. Alikumbuka ule mshono uliopita alama.

Mama Pacha alikuwa amemgeukia muuza spea. "Na wewe mwanangu. Umesema mafuta nusu?"

Muuza spea alikohoa. "Hilo la mafuta, mama, ni utamu wa maneno tu."

"Na matairi?"

"Matairi nayo."

"Basi tuambie inachofanya kweli."

"Inatuliza mtetemo wa krenki. Kama ya zamani ingekuwa nzima, hii isingewaongezea kitu. Yenu imekufa, ndiyo maana mnaihitaji."

"Sasa umesema kitu," alisema Mama Pacha. "Ifungwe."

Nyundo aliifunga puli mpya mwenyewe. Alifuta uso wa krenki kwa kitambaa safi, akaipachika kwa mikono miwili kama anayelaza mtoto, akakaza bolti kwa spana moja baada ya nyingine. Nyundo yake ilikaa kwenye kisanduku siku nzima, na mafundi wenzake wakamuuliza kama amebadilisha jina.

Siku ya kwanza ya kazi Mama Pacha alipanda Shangazi, ameshika kikombe cha chai kisicho na kifuniko. Mawe yalijaa mpaka ubao wa juu. Walipofika kwenye mwinuko, mwendo ukaukaribia ule wa ugonjwa, Redio akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya barabarani: alinyamaza. Alisikiliza kwa nyayo za miguu na kwa viganja vilivyoshika usukani. Mwendo ukafika, ukapita. Kioo kilitulia tuli, hata akaweza kusoma namba za lori lililokuwa nyuma. Mama Pacha alikunywa funda moja la chai.

Mwezi wa majaribio ukaisha bila bolti hata moja kudondoka, na kazi ikawa yake. Mafuta Shangazi aliendelea kunywa kama zamani. Dereva mwenzake mwenye lori jipya alisikia habari hizo, akanunua naye puli kama ile, kisha akalalamika kwamba haoni tofauti. Redio akamwambia, "Bubu wako alikuwa mzima, bwana. Umemletea mke mwenza wa bure."

Puli ya zamani Nyundo aliitundika ukutani, akaifunga kitambaa cha kijani. Mgeni akiuliza, hueleza mwenyewe, bila kuficha alama za mkono wake.

Na ile jioni ya kwanza, Redio alipoketi mezani kwake na kufungua mdomo kusimulia safari, Mama Pacha alimwekea mkono begani.

"Subiri, Baba Pacha. Leo mimi nina maneno."

Akayatoa. Alianzia siku pacha walipozaliwa, akaja kwenye meno yao ya kwanza, paa lilipovuja, ugomvi wake na jirani wa kushoto na jinsi walivyopatana, miaka ishirini yote ambayo hakuwa na wa kumsimulia. Mambo mengine yalichekesha hata Redio akapaliwa. Chakula kilipoa, kikapashwa moto, kikapoa tena, naye alikuwa amekaa vilevile, kijiko mkononi, akisikiliza. Jirani alipopita dirishani na kusikia ni nani anayesema, alirudi nyuma hatua mbili ili ahakikishe, kisha akaenda zake akitikisa kichwa na kujisemea: hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.