Matanga ya Karani Badawi

Hapo zamani, enzi ambazo serikali ilikaa ghorofani na raia wakasubiri ngazini, palikuwa na karani wa kodi aitwaye Badawi. Kila aliyelipa kodi alimwachia hati aigonge muhuri, na hati ikishaingia kwake, haikutoka tena. Ukipiga hodi, kimya. Ukimtolea salamu, kimya. Naye unamwona dirishani anakunywa kahawa.

Basi msuka makawa ya kufunikia vyakula mmoja, Bi Mize, mwanamke fukara mwenye ulimi mrefu, akaitwa mbele ya Sultani. "Onyesha hati ya kodi, ama Ijumaa nyumba yako naitwaa."

"Maulana, hati anayo Badawi."

"Basi na aseme mwenyewe kwamba anayo."

"Hasemi, Maulana."

"Hata mimi hanijibu," akasema Sultani. "Lakini hiyo ni shida yako."

Bi Mize akaenda, akapiga hodi tatu, akatoa salamu, akamwita karani kwa jina lake na la babake. Kimya. Akatandika mkeka mlangoni pale pale, akafukiza ubani, akapiga yowe: "Uwii! Badawi ametutoka!"

Ikawa wanawake wa mtaa, ambao hati zao pia zilikuwa zimelala humo ndani, wakaja na kanga vichwani, wakalia kwa moyo wote. Waosha maiti wakafika na sanda. Wachimba kaburi wakauliza urefu wake. Sultani naye akaja kuzika, kama ilivyo desturi.

"Amekufa lini?"

"Sijui, Maulana. Ila Mwislamu aliye hai huitikia salamu, na huyu mwaka wa pili haitikii. Tumzike upesi, tusimwaibishe marehemu."

Waosha wakapanda ngazi na ndoo zao. Wakamshika karani miguu, wakaanza kumvua kanzu.

"Niacheni! Mimi mzima!"

"Nyamazeni, shoga zangu, kaitika!" akasema Bi Mize. Kisha, kwa adabu zote: "Bwana Badawi, umeshindaje? Hati yangu unayo?"

"Ninayo! Ninazo zote! Chukueni!"

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwendea upande, akamwachia Bi Mize nyumba yake. Halafu akayakumbuka maombi ya raia yaliyolala kwake kasrini, akamwinamia waziri, akanong'ona: "Hebu niulizie, wale waosha sasa wanaelekea wapi?"