Jenereta Chumbani kwa Kiboko

Niwape, nisiwape?

— Tupe!

Mnataka tamu au chungu?

— Yoyote uliyonayo!

Leo ninayo chungu. Mmeitaka wenyewe, asije mama yeyote kesho akaniambia mtoto wake kagoma kula. Na wewe uliye karibu na mlango, acha kutafuna, sogea usikie.

Hapo zamani, wala si zamani sana, kwa sababu bati lilikuwepo na petroli ilikuwepo, palikuwa na kijiji cha wanyama karibu na pwani. Kikapigwa na kimbunga. Sisemi upepo wa kuangusha nguo kwenye kamba, nasema kimbunga. Vuuu! Paa la Ngiri likaenda. Vuuu! Paa la Nyati likaenda. Vuuu! Kibanda cha Kwale kikaenda chote na jiko lake. Maji ya bahari yakaingia mashimoni, yakaingia kisimani, na nguzo za umeme zikalala chini zote. Kulipokucha, nyumba iliyobaki na bati lake ilikuwa moja tu, nyumba ya matofali ya Kiboko.

Siku ya tatu wakaja Korongo wa misaada, wanatua mmoja mmoja, tua, tua, tua. Wakaleta mashine ya umeme, jenereta, pamoja na madumu ya petroli. Mkubwa wao akasema, "Hii ni ya kijiji kizima. Itavuta maji ya chumvi kisimani, itawasha taa kwa wenye wagonjwa na wenye watoto. Lakini nisikilizeni. Mashine hii haikai ndani. Ikae nje, mbali na mlango, mbali na dirisha. Ina moshi mnaouona, na ina moshi msiouona. Ule msiouona ndio unaoua, na unamkuta mtu amelala."

Wote wakaitikia, "Tumesikia."

Kiboko akaitikia kuliko wote. Kisha akasema, "Sasa ndugu zangu, mashine nzito hivi, na wezi wametapakaa, na mvua hizi. Nani ana nyumba? Mimi. Nani ana nguvu? Mimi. Nitawatunzia."

Akaibeba, akaingia nayo chumbani kwake, akaiweka karibu na kitanda. Akavuta kamba. Tat! Akavuta tena. Tat! Akavuta mara ya tatu, ikashika. Duduru-duduru-duduru! Akawasha taa, akawasha feni, akawasha friji lake lililojaa majani mabichi. Akajilaza kitandani, tumbo juu.

Akaja Kwale. "Hodi, Bwana Kiboko."

"Nani?"

"Mimi Kwale. Vifaranga wangu wanatetemeka. Naomba taa moja tu, wapate joto."

"Mashine imechoka. Njoo kesho."

Ndani duduru-duduru, nje giza.

Akaja Ngiri. "Hodi, Bwana Kiboko."

"Nani?"

"Mimi Ngiri. Kisima ni chumvi tupu. Tunaomba mashine tuvute maji."

"Mashine imechoka. Njoo kesho."

Ndani duduru-duduru, nje giza.

Akaja Nyati, Nyati mwenyewe na mapembe yake. "Hodi, Bwana Kiboko. Mke wangu amejifungua, hatuoni hata sura ya mtoto."

"Mashine imechoka, Bwana Nyati. Njoo kesho."

Nyati akageuka, akaenda zake. Mnamcheka? Msimcheke. Kiboko alikwisha kumvunja mbavu mwaka mmoja nyuma kwa ajili ya shamba, na mbavu zina kumbukumbu.

Basi palikuwa na Bi Sange. Sange mnamjua? Mnyama mdogo, umbo la panya, pua ndefu kama mrija, miguu haitulii. Alikuwa mjane, ana watoto wawili, Somoe na mdogo wake Hashili. Shimo lao lilijaa maji, siku tatu walikuwa wamelala juu ya kisiki, wameloa. Hashili alikuwa na kifua. Anakohoa kho, kho, kho, mpaka mama yake anaona haya kumtazama, kwa vile hana la kumfanyia.

Bi Sange hakwenda kuomba taa. Alikwenda kwa Kiboko na uso wa majonzi.

"Hodi, Bwana Kiboko. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya waya zako. Nimewasikia panya wanapanga. Wana njaa, chakula chao kimekwenda na maji. Wanasema waya za Kiboko ni laini."

Kiboko akakaa kitako. "Watafune waya zangu? Nifanye nini, Bi Sange?"

"Panya wananiogopa. Nikikaa darini kwako na wanangu, hatapita hata mmoja."

"Mtakula kwangu?"

"Hatuli kwako."

"Na mwanga wangu, mtautumia?"

"Tutafumba macho."

Kiboko akafikiri, akaona hakuna hasara. "Haya, pandeni."

Wakapanda darini, pakavu, pana joto. Kifua cha Hashili kikaanza kutulia. Bi Sange akacheka mpaka akajiziba mdomo kwa mkono. Panya wenyewe walikuwa wamekwisha kuhama na kimbunga, hakuna hata mmoja. Alijiona amempata Kiboko. Mimi kila nikifika hapa roho inaniuma, maana alikuwa na haki ya kucheka, na ni yeye aliyewapandisha wanawe pale kwa akili yake mwenyewe.

Siku mbili zikapita hivyo. Madirisha yalikuwa wazi, moshi unapata pa kutokea, lakini kichwa cha Bi Sange kilianza kuuma kila jioni. Akateremka, akasema, "Bwana Kiboko, Korongo alituambia mashine ikae nje."

"Korongo ana shingo ndefu, akili hana. Tangu lini kitu usichokiona kikaua?"

"Njaa unaiona?" Bi Sange akamuuliza.

"Rudi darini kabla sijasahau kwamba wewe ni mlinzi wangu."

Akarudi. Angekwenda wapi? Nje mvua, kisiki kimeloa, mtoto ana kifua. Akasema moyoni, maadamu madirisha yako wazi.

Jioni ile Kwale akaleta vifaranga wake chini ya dirisha la Kiboko. Mwanga ulikuwa unamwagika pale kidogo, kama upana wa mkeka. Akawapanga humo, akaanza kuwachambulia chawa. Kiboko akachungulia, akaona. Akakasirika hasira ya ajabu.

"Kwale! Unatumia mwanga wangu!"

"Uko nje, Bwana Kiboko. Umeshatoka."

"Umetoka kwangu!"

Asubuhi yake, Bi Sange akachukua kibuyu, akaenda bondeni kutafuta maji matamu. Ni mbali, kwenda na kurudi ni mpaka alasiri. Akawaacha wanawe wamelala. Kiboko naye akaanza kazi. Akachukua godoro, akaziba dirisha la kwanza. Akachukua magunia, akaziba dirisha la pili. Akachukua matambara, akaziba chini ya mlango. Akapiga komeo, ka! Akasukuma friji, akaliegemeza mlangoni. Akasema, "Leo hautoki hata mwanga wa kuonea sindano." Akala majani yake, akawasha feni, akalala usingizi wa mchana.

Duduru-duduru-duduru.

Bi Sange anarudi, anaona madirisha yamezibwa. Kibuyu kikamtoka mkononi.

"Hodi! Bwana Kiboko! Zima mashine! Wanangu wako juu!"

Ndani, sauti nzito, ya kilevi. "Niache... kichwa kinaniuma... hamnipati leo..."

"Bwana Kiboko, nakuomba, fungua!"

Khrrr, khrrr. Akakoroma. Kisha kukoroma nako kukawa kwa mbali mbali.

Bi Sange akaparamia ukuta, akaingia kwenye kitundu chini ya bati. Kichwa kikamzunguka. Somoe alikuwa karibu na kitundu, mama yake akamshika ukosi, akamvuta mpaka nje, akamlaza mvuani. Somoe akatapika, akafungua macho. Bi Sange akarudi kwa Hashili. Hashili alikuwa kule mwisho, penye joto, juu ya chumba, ndipo mama yake alipomlaza kwa ajili ya kifua chake. Akatambaa hatua mbili, miguu ikakataa. Akaanguka, akabingirika mpaka nje. Akajaribu tena, ikawa vilevile.

Akakimbia kwa Nyati. "Njoo uvunje mlango wa Kiboko, mwanangu anakufa!"

Nyati akatazama chini. "Mlango wa Kiboko? Atanivunja mbavu zilizobaki."

Akakimbia kwa Ngiri. "Njoo uvunje mlango wa Kiboko!"

"Mlango wa Kiboko? Mimi nina watoto, Bi Sange."

"Mimi sina?"

Ngiri akawasogeza watoto wake nyuma yake.

Mnamuona Bi Sange? Amesimama katikati ya njia, mdogo, ameloa, na kila mwenye nguvu amemuogopa mwenye nguvu zaidi. Hapo ndipo akili ikamjia. Akaweka mikono kichwani, akapiga ukelele.

"Uwiii! Uwiii! Msiba, jamani! Kiboko ametutoka!"

Nanyi mnajua desturi. Mtu aliye hai unaweza kumpuuza mwaka mzima, lakini ukisikia kilio huwezi kukaa kwako, watakusema mpaka wajukuu. Na nyumba ya msiba haifungwi. Mlango unaachwa wazi, vyombo vyote vinatolewa nje, mikeka inatandikwa, watu wanaingia. Basi wakatoka mbio kila upande. Kwale huyo! Ngiri huyo! Nyati huyo, analia na kutabasamu kwa pamoja.

"Amefia ndani, na komeo limepigwa!" Bi Sange akapaza sauti. "Mtamuacha marehemu afungiwe kama mbuzi?"

"Haiwezekani!" Nyati akasema. Wa kumvunja mbavu si amekufa? Akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Gbu! Friji likaanguka huko, majani yakamwagika. Gbu! Mlango chini. Joto la moshi likawapiga usoni, Kwale akapepesuka.

"Toeni vyombo!" Bi Sange akaamrisha. "Mashine kwanza!"

Ngiri akaikokota mashine, duduru-duduru, mpaka uani, mbali na ukuta. Wakang'oa godoro dirishani. Wakatoa magunia, wakatoa friji, wakatoa kitanda pamoja na Kiboko juu yake. Wakamtua mvuani. Wakamzunguka, wakaanza kumsifu, kama wasifiwavyo wafu.

"Alikuwa mkarimu," akasema Ngiri.

"Sana," akasema Kwale. "Hata mwanga alitugawia."

"Sanda ya kumtosha tutaipata wapi?" akauliza Nyati.

Mvua ikampiga Kiboko usoni, pwa, pwa, pwa. Akakohoa. Akafumbua jicho moja, kisha la pili. Watu wote wakaruka nyuma. Akatazama mlango wake uliolala chini, akatazama majani yake, akaitazama mashine uani.

"Nani amefanya haya?" akanguruma, ingawa sauti ilikuwa bado dhaifu. "Mnalia nini? Nani amekufa?"

Nyati akajificha nyuma ya Ngiri.

"Nauliza nani amekufa! Nani amenizushia kifo, mkavunja nyumba yangu, mkanitolea mashine yangu?" Akazungusha macho. "Sange! Yuko wapi yule mwongo? Aje aniambie mbele yenu, msiba uko wapi?"

Bi Sange hakuwepo pale uani. Alikuwa amepanda darini tangu mashine ilipotoka mlangoni. Wakamuona anashuka ukutani polepole, kinyumenyume, na amebeba kitu kwenye pembe ya leso. Akaja mpaka mbele ya Kiboko. Akaifungua leso.

"Huu hapa," akasema.

Hashili alikuwa kama amelala.

Kwale ndiye aliyeanza kulia, na safari hii alilia kweli. Kisha Somoe. Kisha wote. Kiboko akafungua kinywa chake kile kikubwa, akakifunga.

Matanga yakakaa pale pale, maana kilio kilipigwa mlangoni kwa Kiboko, na matanga hayahamishwi. Siku tatu mlango haukufungwa. Siku tatu mashine ikanguruma uani, watu wakapata mwanga, vifaranga wakapata joto, Nyati akamuona mtoto wake sura. Ngiri akavuta maji ya kisimani mpaka yakatoka matamu, na maji hayo ya kwanza ndiyo aliyooshewa Hashili. Yalipokwisha matanga mashine ikabaki uani, hakuna aliyemuuliza Kiboko.

Somoe alikua, akaolewa kijijini hapo hapo. Bi Sange hakudanganya tena mtu yeyote. Wengine wanasema alitubu. Mimi nasema alichoka.

Sasa mafunzo, maana najua mtaniuliza. Hadithi hii inatufundisha kwamba uongo ni mbaya. Bi Sange asingezusha msiba, msiba usingetokea. Ndivyo Kiboko anavyosema mpaka leo, na mwenye nyumba ya matofali atasema uongo, kwani ana shida gani? Kwa hiyo, wanangu, mkipata jenereta, iwekeni chumbani. Zibeni madirisha vizuri, wezi ni wengi.

— Hatuiweki!

Nani kanijibu? Mnanibishia, mimi mtu mzima?

— Hatuiweki chumbani! Tunaiweka nje!

Haya. Kumbe mlikuwa mnasikia. Basi hadithi imefika kwake, imevua viatu, imekaa. Atakayeisimulia kesho asianzie kwa Kiboko na asiishie kwenye kicheko. Amtaje na Hashili.