Kiboko Aliyetaka Kuwekwa Kwenye Kila Kundi

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa maji.
Ya nani?
Ya wote.

Mnadanganya, lakini endeleeni kuitikia hivyo hivyo, sauti zenu nzuri. Zaituni, mpishe mwenzako akae. Na wewe uliyeanza kucheka huko nyuma, funga mdomo, hujui bado unamcheka nani.

Hapo kale, wala si kale sana maana umeme ulishafika, wanyama wa bonde moja walikuwa na mabirika ya kunywea, mashamba, na bwawa. Kila mahali pa maji palikuwa na seva, kisanduku cha chuma chenye taa zinazowakawaka, na kazi yake ilikuwa kufungua maji na kuyafunga. Zamani mtunzaji alikuwa anaiendea seva moja moja. Fungua hii, kimbia. Fungua ile, kimbia. Akifika ya mwisho, ya kwanza imeshafurika naye ulimi nje.

Ndipo ikaletwa seva kuu, ya kuziamuru zile nyingine, akakabidhiwa Pimbi. Pimbi mnamjua, kale kamnyama ka kwenye mawe, kadogo, kasiko na mkia. Pimbi akakaa, akaziandika seva zote kwenye orodha, akazigawa makundi. Mabirika akayatia kundi la Kunywesha. Mashamba akayatia kundi la Kumwagilia. Na penye tope akapatia kundi la Kusafisha. Toka siku hiyo seva kuu ikawa inasoma orodha na kutoa amri moja, na kundi zima linatii.

"Kundi la Kunywesha, fungueni."
Tii, tii, tii, seva zinajibu. Maji churururu.
"Kundi la Kumwagilia, fungueni."
Tii, tii, tii. Maji churururu.

Seva kuu haiulizi wewe mtoto wa nani. Haiulizi umeshiba au una njaa. Uko kwenye kundi, unapata cha kundi.

Sasa, bwawa lilikuwa la Kiboko. Lilikuwa kwenye kundi la Kunywesha, linajazwa kila asubuhi, linamtosha. Siku moja mchana akasikia maji yanapita kwenda kwingine. Roho ikamuuma. Akatoka kwenda kwa Pimbi, gudu, gudu, gudu.

"Wewe Pimbi."
"Naam, Mzee Kiboko."
"Mchana maji yanakwenda wapi?"
"Kwa kundi la Kumwagilia, mzee. Kuna maharage."
"Niweke."
"Mzee, wewe si haragwe."
"Niweke, kabla sijakukalia."

Pimbi akamweka.

Basi bwawa likawa linajazwa asubuhi, linajazwa mchana, linamwagika pembeni na kuota magugu. Birika la Pimbi lilikuwa la mwisho kwenye mfereji. Maji yakawa yanafika matone, to, to, to. Kisha hata to haikufika. Watoto wa Pimbi wakawa wanalamba umande kwenye jiwe. Kitinda mimba wao, Tuku, akaacha kulia, na mtoto mwenye kiu akiacha kulia, mama yake ndiye anayeanza.

Pimbi akaenda kuomba. "Mzee, wanangu hawana maji."

Kiboko akapiga mwayo. "Si wadogo? Wanywe kidogo." Kisha akasogea. "Ila nimesikia kuna kundi jingine unanificha."

"Lipo, mzee. Kundi la Kusafisha. Kazi yake, mzee, ni—"
"Usinifundishe. Lina watu, halina watu?"
"Lina watu."
"Wanapata kitu?"

Hapo Pimbi akaitazama orodha. Ukiwa kwenye kundi la Kusafisha, seva inafungua mlango wa chini na maji yote yanatoka mpaka sakafu ionekane. Yanatokea mfereji wa nyuma. Na mfereji wa nyuma unapita mlangoni kwa Pimbi.

"Wanapata, mzee."
"Niweke."
"Nikuweke kweli?"
"Niweke, kabla sijakukalia."

Pimbi akamweka.

Sasa nyinyi desturi ya viboko hamuijui. Kiboko hasimami mbele ya mkwe. Mkwe anaonyeshwa masikio, macho na pua, basi. Mengine yote ni ya majini. Na Ijumaa ile Kiboko alikuwa anapokea ugeni: wazazi wa binti aliyemposa walikuwa wanakuja kumtazama kabla hawajamjibu. Alitangaza bonde zima. Na Ijumaa ndiyo siku ya kusafisha. Pimbi aliyajua yote mawili, na orodha ilikuwa mkononi mwake tangu asubuhi.

Wageni wakafika, wakapanga mstari ukingoni.

"Karibuni, wazazi wangu," akasema Kiboko. Masikio, macho na pua.
"Tumekaribia, baba," akajibu mama wa binti, macho ameyaelekeza kwenye majani, kwa adabu.

"Kundi la Kusafisha, fungueni," ikasema seva kuu.
Tii, tii, tii. Maji gubu, gubu, gubu.

Shingo ikatoka. Mgongo ukatoka. Kiboko akachutama. Tumbo likatoka. Akalala ubavu, akachota tope ajifunike, tope nalo likaondoka na maji. Mwisho ikabaki miguu. Miguu minne, mifupi, minene, haifiki popote. Akaikunja huku ikaonekana kule.

Hakuna aliyecheka. Pimbi alikuwa juu ya jiwe, amejiandaa kucheka tangu siku iliyopita, na kicheko hakikuja. Alitamani maji yarudi. Alitamani awe mahali pengine. Mama wa binti akajitanda kanga usoni, akawageukia wenzake.

"Twendeni," akasema. "Hapa hatukuona kitu."

Wakaondoka hata chai hawakunywa, na jibu la posa halikuja.

Kiboko akainua macho, akamwona Pimbi. Hakusema atamkalia.

"Ulijua?"
"Nilijua, mzee."
"Ungeniambia."
"Ulikataa kuambiwa."
"Ungeniambia tena."

Pimbi akashuka jiweni, akarudi kwake. Huko nyumbani watoto wake walikuwa wanakunywa maji yale, ya kijani, mazito, mpaka matumbo yakawambika. Tuku akauliza, "Baba, mbona wewe hunywi?" Pimbi akasema hana kiu. Alikuwa nayo.

Kisha akaenda akalifuta bwawa kwenye kundi la Kusafisha, akalifuta kwenye kundi la Kumwagilia, akaliacha kwenye Kunywesha peke yake. Maji yakawatosha wote. Lakini toka siku ile Kiboko hatoki majini mpaka giza liingie, na akisikia hatua ya mtu anazama na pua yake.

Hadithi nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, iliyemlemea aiache.

Mnataka funzo? Haya, chukueni. Funzo ni kwamba Pimbi hana kosa hata chembe. Yeye aliandika alichoambiwa. Amri ilitoka kwa seva kuu, maji yalitoka kwa mlango, na miguu ilikuwa ya Kiboko mwenyewe. Kwa hiyo mkimkuta Pimbi amejibanza kwenye ufa wa jiwe, uso ameugeuzia ndani, msimuulize anaona haya ya nini. Haya ya nini? Anapunga upepo tu.