Moto wa Kiooni

"Moto wa kiooni hauunguzi." Nimewasikia mkitaniana kwa methali hii, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Haikuanza kwa kicheko, wajukuu zangu. Ilianza hivi.

Nilikuwa mpishi katika karakana moja ya roketi, huko nyikani. Mkuu wetu, Dakta Rweyongeza, alikuwa ameirusha roketi yake mara nyingi, zote ndani ya kompyuta. Kila mara ilipaa, na sisi tukapiga makofi. Aliyenuna ni mmoja tu, mhandisi Tusekile.

"Dakta, tuifunge chini tuiwashe kweli. Kwanza tuiache juani ipate joto, tuone itakuwaje."

"Kompyuta imeshajibu, binti yangu. Na mgeni rasmi ameshaalikwa."

Siku ikafika. Roketi ikajazwa mafuta asubuhi, wanafunzi wakaketishwa kwenye viti vya mbele, mgeni rasmi haonekani. Nchi yetu mnaijua, bila mgeni rasmi hata utepe haukatwi. Jua likawaka, mafuta yakapata joto, presha ikapanda ndani ya tangi. Kompyuta ilikuwa imeambiwa kila kitu, isipokuwa kwamba mgeni rasmi huchelewa.

"Nenda kafungue vali upunguze presha," Dakta akamwamuru Tusekile.

"Vali ile hatujawahi kuijaribu ikiwa na joto."

"Kwenye kompyuta inafunguka."

Tusekile akawatazama wale wanafunzi. Akawaamuru walimu wao wawaondoe haraka, kisha akaenda. Tangi likampasukia. Mgeni rasmi alifika sisi tunazima moto.

Kwenye kikao cha uchunguzi, Dakta aliwasha kompyuta yake mbele ya wajumbe. Roketi ikapaa vizuri, moto ukitoka mkiani.

"Mnaona? Roketi haina kosa. Binti ndiye hakujua kufungua."

Hasira niliyoipata siku ile haijanitoka hadi leo.

Mama yake Tusekile, aliyesafiri kutoka Rungwe, akainuka. Akauweka mkono wake juu ya ule moto wa kwenye kioo cha kompyuta, akauacha pale. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

"Mwanangu nimemzika bila kuonyeshwa uso wake," akasema. "Mbona huu moto wako hauniunguzi?"

Wajumbe wakainamisha vichwa. Baadaye Dakta akapandishwa cheo, akahamia mjini. Sisi wa karakana tukabaki na maneno ya yule mama, na kila aliyejigamba kwa kazi asiyoijaribu tulimwambia hivyo hivyo: moto wa kiooni hauunguzi.