Ngiri Waingiao Kinyumenyume

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, wakubwa kwa wadogo. Leo nasimulia habari za wapuuzi, sitaki mtu asinzie.

Hapo zamani za kale palikuwa na ukoo wa ngiri. Walikaa shimoni, kilimani. Shimo hawakulichimba wao. Ngiri achimbe kwa kitu gani, kwa kwato? Walilikuta tupu, wakaingia, wakasema kwetu. Na desturi yao ni kuingia kinyumenyume. Mkia unatangulia, meno yanabaki mlangoni, mgeni asipenye. Basi nyumba yao wenyewe hawakuwahi kuiona ndani. Na wanaringa nayo!

Siku moja moto ukala nyika ya mbali. Fuuu! Mhanga, yule mla mchwa mwenye masikio marefu na makucha ya kuchimbia, akakimbia na mwanawe. Akafika kilimani. Ardhi ilikuwa kavu, haishiki ukucha. Na nyuma yao chui, nyata, nyata.

"Hodi!"

Akabisha tena.

"Hodi wenyewe! Chui anatufuata. Mchukueni mtoto tu, mimi nitabaki nje."

Mzee Ngiri akatoa pua. "Mmetoka wapi?"

"Nyika yetu imeungua, baba."

"Mbona sisi hatukuungua? Rudini mkazime moto wenu."

Mkewe akadakia, "Hawa wakiingia watamaliza mchwa wetu!"

"Kwani mama, nyinyi mnakula mchwa?"

"Hatuli. Lakini ni wetu!"

Mara mvua ikashuka. Chwaaa! Chui akajibanza kichakani. Ardhi ikalainika, Mhanga akachimba, paru, paru, paru. Akamwingiza mwanawe. Kugeuka, akaona maji yanazama nyuma ya shimo la ngiri.

"Baba Ngiri! Ukuta wa nyuma unaanguka! Geukeni mtazame!"

"Mnamsikia? Tugeuke, tumpe mgongo, aingie!"

Wakacheka. Wakazidi kumkodolea macho. Nyuma yao ukuta ukalowa, ukavimba. Pwaaa! Shimo likaporomoka. Wakatoka mbio, matope hadi masikioni. Mvua ikakatika, na chui huyo, anatoka kichakani.

"Hodi! Hodi, mama Mhanga!" Leo wanajua kupiga hodi!

"Karibuni. Lakini ingieni kwa kichwa. Mwanangu amelala ndani, mkija kinyumenyume mtamkanyaga."

Mke akaingia kwa kichwa. Watoto wakaingia. Mzee Ngiri akavimba. "Mimi? Mhamiaji anifundishe kuingia nyumbani?"

Akabaki nje amekunja uso. Chui akamkamata hapo hapo. Hakuuliza nani mwenyeji, nani mgeni.

Basi nasema wazi, msinizungushe: anayekimbia janga hakuja kukunyang'anya nyumba, amekuja kumponya mwanawe. Mfungulie. Na ukimfukuza kwa kiburi, kiburi hicho hakitakuficha siku janga likikujia wewe.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyekasirika akamkasirikie ngiri, si mimi.