Visigino vya Remigi

“Ukishuka salama, mshukuru wa nyuma.” Mmeisikia leo harusini, bwana harusi akiambiwa na wajomba zake, mkacheka kwa sababu wazee wote walicheka. Sasa mnataka kujua: wa nyuma ni nani, na huko kushuka ni kushuka wapi? Haya, sogezeni viti. Methali hii haikuanguka kutoka mbinguni. Ilitoka mdomoni mwa mwanamke mmoja, asubuhi moja ya baridi, naye aliisema huku akiutazama mlima kwa sababu hakuruhusiwa kumtazama mtu.

Ilikuwa katika kijiji cha Ikovele, juu kabisa kwenye nyanda za baridi za kusini. Kule, mwezi wa saba ukiingia, umande huganda usiku juu ya majani, na asubuhi mlima mzima huwa mweupe kana kwamba umemwagiwa unga. Huo umande ulioganda ndio sakitu. Mguu wa mtu asiyeuzoea huteleza kabla hajasema bismillahi. Basi wakati huo viazi vimeshachimbwa, ngano imeshapurwa, na watoto wa kijiji waliohamia mbali wamerudi likizo na familia zao. Hapo ndipo watu wa Ikovele walipofanya Siku ya Kushuka.

Siku hiyo kila nyumba ilipanda mlimani na ubao wake. Ulikuwa ubao mrefu wa msindano, pua yake imepinda juu, tumbo lake limepakwa mafuta ya kondoo. Watu wa nyumba moja waliketi juu yake wakifuatana, kila mmoja amemshika kiuno aliye mbele yake, wakateleza juu ya sakitu mpaka bondeni kwenye lundo la mabua ya ngano. Ndiyo ilikuwa namna yao ya kushukuru kwamba mwaka umepita na nyumba bado ipo. Mkubwa wa nyumba lazima awemo, na ubao lazima ujae. Nyumba isiyojaza ubao haikushuka. Ilibaki juu, ikiwatazama wenzake.

Mbele kabisa aliketi mwongozaji, ameshika kamba iliyofungwa kwenye pua ya ubao. Huyo ndiye aliyeimbiwa. Nyuma kabisa aliketi mtu yeyote wa kujazia nafasi. Mahali pale waliita kiti cha gunia.

Mwaka huo Remigi alikuja Ikovele na mkewe Tumwimbe na watoto wao wawili, Ipyana na Subilaga. Remigi alikuwa mkulima wa mpunga kutoka bonde la Kilombero, mtu wa joto na maji, aliyezoea kusukuma mtumbwi kwa pondo katikati ya mashamba yaliyofurika. Ikovele ilikuwa kwa mama mkwe wake, Bi Atuganile, mjane mwenye shingo ndefu na maneno machache.

Sasa sikilizeni desturi yao. Mama mkwe na mkwewe hawakutazamana usoni, hawakusemeshana, wala hawakula chini ya paa moja, mpaka siku ambayo mama mwenyewe angeuvunja mwiko huo. Wengi waliuvunja mwaka wa kwanza, baada ya kumpima kijana na kumwona ni mtu wao. Remigi alikuwa katika mwaka wa sita. Kila alipokuja, mkewe na wanawe walikula kwa bibi, naye alikula kwa jirani. Akileta gunia la mchele, Bi Atuganile husema kwa sauti, “Ipyana, mwambie aliyeleta mchele kwamba mchele umefika.” Na Remigi, aliyesimama hatua chache tu nyuma ya mti wa mpichi, hujibu, “Ipyana, mwambie bibi nimefurahi.” Ipyana alishachoka na kazi hiyo. Siku hizo hakuondoka hata mahali alipokaa, aliinua tu kidole kuonyesha kwamba ujumbe umepita.

Wanawake wenzake walipomuuliza anangoja nini, Bi Atuganile aliwajibu, “Mche wa bondeni huchipua upesi. Nangoja nione baridi ikiupiga.” Maneno hayo yalimfikia Remigi. Hakuyasahau. Mama yake mwenyewe alikuwa amekufa zamani, na kila mwaka alipopanda lori kwenda Ikovele alijiambia moyoni, labda mwaka huu nitaitwa mwana.

Asubuhi ya Siku ya Kushuka, nyumba ya Bi Atuganile ilipungukiwa mtu. Tumwimbe alikuwa mjamzito mzito, hawezi kupanda ubao. Kaka yake mkubwa alikuwa amehamia mbali na hakuja. Alibaki mdogo wao Gwamaka, mwongozaji hodari na mwenye mdomo, pamoja na bibi na watoto. Nafasi moja ilikuwa wazi.

“Shemeji yupo,” Gwamaka alisema.

Mlimani watu wakaulizana. Je, mkwe ambaye mwiko wake haujavunjwa ni mtu wa nyumba? Wazee walitazamana. Mmoja akasema, “Akikaa nyuma hataonwa uso. Watoto wakikaa katikati, hatamgusa mama. Mwiko utakuwa salama.”

Bi Atuganile aliutazama ubao kwa muda. “Gwamaka,” alisema, “mwambie kiti cha gunia kipo.”

Halikuwa karibisho la kujivunia, lakini Remigi alilipokea kama mtu anayepewa shamba. Alifika akitetemeka, amevaa katambuga za tairi na blanketi la mkewe begani.

“Shemeji, hayo meno yanapiga ngoma ya wapi?” Gwamaka aliuliza.

“Yanausalimia mlima kwa lugha ya kwetu,” Remigi alijibu. “Wewe shika kamba yako.”

“Gunia halijibu, shemeji. Gunia linakaa.”

“Gunia la mchele linakaa kimya kwa sababu linajua bei yake.”

Watu walicheka, na wapo waliosema baadaye kwamba hata mabega ya Bi Atuganile yalitikisika kidogo.

Wakaketi: Gwamaka mbele na kamba, nyuma yake Bi Atuganile, kisha Subilaga, kisha Ipyana, na mwisho Remigi. Vijana wakausukuma ubao.

Sakitu ya siku hiyo ilikuwa nene kuliko kawaida. Ubao haukuteleza, uliruka. Watoto walipiga vigelegele, upepo ukawaziba vinywa. Kwenye kona ya kwanza Gwamaka alivuta kamba kwa nguvu ili augeuze ubao, na kamba, iliyokaa mwaka mzima kwenye paa linalovuja, ilikatika. Kipande kikabaki mkononi mwake.

Njia ya kawaida ilipinda kuelekea kwenye mabua. Mbele yao, moja kwa moja, kulikuwa na korongo, na chini ya korongo mto na mawe yake. Gwamaka alianza kupaza sauti, “Kulia, kulia,” kama vile ubao una masikio.

Remigi hakuona kamba. Aliona tu korongo likija, na mbele yake visogo viwili vya wanawe, na mbele ya hivyo kilemba cha mwanamke ambaye hajawahi kuuona uso wake vizuri. Alikumbuka mtumbwi. Mtumbwi hauulizi aliye mbele, huongozwa na aliye nyuma. Alishusha miguu yote miwili, akakandamiza visigino ardhini, akajilaza upande wa kulia mpaka bega lake likagusa majani. Katambuga moja ilikatika ikabaki nyuma. Ya pili ikafuata. Chini ya sakitu kulikuwa na changarawe, nayo ikaanza kumla. Alitamani kuinua miguu. Mwili wote ulimwomba ainue. Ipyana akageuka akasema, “Baba, tunaenda wapi?”

“Kwa bibi,” Remigi alisema, akaongeza kukandamiza.

Ubao ukalia, ukayumba, ukageuza mkia. Ulipita ukingoni mwa korongo kwa ubavu, mawe madogo yakaanguka mtoni, kisha ukaingia kwenye lundo la mabua na kusimama kwa upole.

Bondeni watu walipasuka kwa shangwe. Walikuwa wameuona ubao ukielekea korongoni na kugeuka. Nani mwingine angeugeuza? Walimwinua Gwamaka juu juu, wakamwimbia wimbo wa waongozaji, naye, kijana ni kijana, akaupokea. Bi Atuganile alisimama, akakung'uta mabua, akawakumbatia wajukuu. Hakugeuka nyuma. Mwiko ulikuwa mwiko.

Remigi alijiburuta mpaka nyuma ya lundo na kuifunika miguu kwa blanketi. Tumwimbe, aliyekuwa akiwangoja bondeni, alimkuta hapo.

“Baba Ipyana, hii damu ni ya nini?”

“Polepole. Wanaimba.”

“Wanamwimbia asiyehusika.”

“Wanaiimbia nyumba ya mama yako,” Remigi alisema. “Nami nilikuwemo. Acha waimbe.”

Lakini Bi Atuganile alikuwa na macho. Alikiona kipande cha kamba mkononi mwa mwanawe, kimefupika kama mkia wa mbuzi. Alipanda mlima taratibu, kichwa chini, akifuata njia ya ubao. Karibu na kona alikuta katambuga iliyokatika, akaiokota. Kuanzia hapo kulikuwa na mifereji miwili, myeusi katikati ya weupe wa sakitu. Akaifuata ikishuka. Mbele kidogo mifereji ile haikuwa myeusi tena, ilikuwa myekundu, na haikukatika hata mara moja mpaka kwenye mabua.

Aliporudi, wimbo ulikuwa umefifia wenyewe.

“Mwanangu Gwamaka, kamba ilikatikia wapi?”

“Kona ya kwanza, mama.”

“Na kutoka hapo ukatuongoza kwa kitu gani?”

Gwamaka alitazama kipande cha kamba. Alikuwa na majivuno, lakini hakuwa mwongo. “Kwa kelele, mama.”

Watu wote walicheka, na Gwamaka akashuka mwenyewe kutoka mabegani mwa wenzake.

Bi Atuganile hakucheka. Neno lilikuwa limemjaa kifuani, na aliyestahili kupewa neno hilo alikuwa nyuma ya lundo la mabua, mtu ambaye yeye hakuruhusiwa kumsemesha. Basi akaugeukia mlima, akausemesha mlima, kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

“Ukishuka salama, mshukuru wa nyuma.”

Hakuna aliyeuliza anamwambia nani. Remigi alisikia, akainamisha kichwa.

“Ipyana,” bibi aliendelea, “mwambie baba yako…” Ipyana alikuwa ameshainua kidole. “Teremsha mkono, mjukuu wangu. Umefanya kazi ya kutosha.”

Akazunguka lundo la mabua, akasimama mbele ya mkwewe, akamtazama usoni.

“Remigi.” Hakuwahi kulitamka jina hilo. “Jana ulikula wapi?”

“Kwa jirani, mama.”

“Leo unakula kwangu.”

Meno ya Remigi yakaanza kutetemeka upya, na safari hii baridi haikuwa na hatia.

Gwamaka na vijana wengine walimbeba mpaka nyumbani juu ya ubao uleule. Walimwosha miguu kwa maji ya vuguvugu, wakaipaka mafuta ya kondoo, na Gwamaka ndiye aliyefunga vitambaa, huku akisema, “Vumilia, shemeji, gunia halipigi kelele.” Miaka iliyofuata vijana waligombea kukaa nyuma, na kiti kile kikapoteza jina lake la zamani.

Mchana huo wali wa Kilombero ulipikwa kwa maziwa ya Ikovele. Nyumba nzima ilikaa chini pamoja kwa mara ya kwanza. Bi Atuganile akainamisha kichwa kuomba kabla ya chakula. Alimshukuru Mungu kwa ngano, akamshukuru kwa viazi, kwa wajukuu, kwa mimba ya Tumwimbe, kwa mlima. Kisha akabaki ameinama, mpaka wali ukaanza kupoa, na hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono. Watoto walifumbua jicho moja wakamwona bibi yao anapangusa uso kwa ncha ya kitenge.

“Na mengine nimeshayasema mlimani,” alimwambia Mungu, “lakini nitayarudia, kwa kuwa wa kumwambia sasa ameketi hapa mbele yangu: ukishuka salama, mshukuru wa nyuma.”