Kigari cha Pimbi na Gari Kuu la Kifaru

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakioana, wakifuga kuku na kuendesha magari kama sisi, Kifaru alikuwa na gari kubwa la kizamani alilorithi kwa babu yake. Taa zake zilikuwa kubwa kama sufuria, na liliwashwa kwa kuzungusha hendeli ya chuma. Jirani yake Pimbi, yule mnyama mdogo akaaye maweni, alikuwa na kigari kipya cha abiria. Hicho ndicho kilichomlisha yeye na mkewe, Bi Kidawa.

"Ebo! Hilo gari au kopo la unga?" Kifaru alimcheka mbele za watu. "Langu lina nguvu, tena lina heshima. Mimi ni mtu wa mila! Hata gari la bibi harusi silipiti, nakaa nyuma mpaka lifike."

"Hongera, mzee," akasema Pimbi.

"Tushindane mpaka kwa Twiga! Nikikushinda, hicho kikopo nafugia kuku."

"Na nikikushinda mimi?"

"Ha! Basi fugia kuku langu!"

Pimbi akakubali, lakini akawaza: Kigari kikichukuliwa, watakula nini? Akarudi nyumbani kunong'ona na mkewe.

Siku ikafika. Kifaru akazungusha hendeli. Kwe-kwe-kwe... kimya. Kwe-kwe-kwe... kimya. Pimbi aligeuza ufunguo tu, huyooo, akaenda zake.

Nyuma ya kilima Bi Kidawa alikuwa akimngoja, amevaa shela lake la harusi, na kapu la maua mkononi. Chapuchapu wakakipamba kigari mpaka rangi yake isionekane.

Vuuum! Gari la Kifaru limewaka mwishowe, huyo, vumbi juu! Mara akaona gari la maua, bibi harusi ndani, likienda polepole katikati ya barabara. Dereva hakumwona, maana kichwa cha Pimbi hakikufika dirishani.

"Loo, harusi!" Akakanyaga breki. Wanyama wakatoka majumbani wakipiga vigelegele, naye Kifaru akawapungia mkono kwa maringo.

Jua likawaka. "Mwanangu," akaomba, "ongezeni mwendo kidogo!"

"Bibi harusi hakimbizwi, baba!" akajibu Bi Kidawa ndani ya shela.

Gari kuu halikuzoea kutambaa. Maji yakachemka. Tu-tu-tu... fwiiii! Likazimika, mvuke umetanda.

Hapo kigari kikachomoka, pipii! Kikafika kwa Twiga, na Pimbi akarukaruka juu ya paa kwa furaha.

Kifaru alifika baadaye akilisukuma gari lake, jasho linamtiririka. "Umenidanganya! Hapakuwa na harusi!"

"Nani alikwambia ipo, mzee? Mke wangu kavaa shela lake, kapanda gari la mumewe."

Twiga akacheka mpaka shingo ikapinda. "Pimbi kashinda! Lete gari!"

Mpaka leo kuku wa Bi Kidawa hutagia kwenye viti vya ngozi, na jogoo huwika juu ya usukani.

Basi, wanangu, anayejisifu sana humwonyesha mwenzake pa kumshikia.